Malezi ya Mtoto wa Mbwa Aliyetengwa Mapema na Mama Yake

Mtoto wa mbwa, ambaye kwa Kiswahili sanifu huitwa kilebu, anapaswa kukaa na mama yake hadi atimize wiki nane. Hali halisi katika kata nyingi ni tofauti. Vilebu wengi huchukuliwa wakiwa na wiki tatu au nne, na wengine hata macho hayajafumbuka. Wapo ambao mama zao wamegongwa na magari au wamekula sumu, na wapo wanaotupwa ndani ya mfuko karibu na jalala, wakaokotwa na watoto wanaotoka shule na kuletwa nyumbani wamefichwa ndani ya sweta. Wapo pia wafugaji wanaowachukua makusudi wakiwa wachanga, kwa imani kwamba mbwa wa namna hiyo humzoea bwana wake upesi na kuwa mlinzi mkali.

Kilebu aliyetengwa mapema anaweza kuishi na kuwa mbwa mwema. Sharti ni kwamba binadamu afanye kazi zote ambazo mama yake angezifanya, nazo ni nyingi kuliko kumpa maziwa.

Swali la kwanza, kabla ya hata kumshika, ni hili: mama yake yuko wapi, na kama amekufa, alikufaje? Ikiwa kabla ya kufa alibadilika tabia, akawa anang'ata watu au vitu bila kuchokozwa, anatokwa na mate, anashindwa kumeza au miguu yake ya nyuma imelegea, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliugua kichaa cha mbwa. Mama kama huyo aliwalamba watoto wake na huenda aliwang'ata. Ugonjwa huu huweza kukaa mwilini kwa wiki kadhaa, hata miezi, bila dalili yoyote, kwa hiyo kilebu anayeonekana mzima si uthibitisho wa usalama. Vilebu wa mama aliyekufa hivyo wasishikwe, watoto wawekwe mbali nao, na Afisa Mifugo wa Kata ajulishwe siku hiyohiyo. Yeyote aliyekwisha kuwabeba, hasa akiwa na mikwaruzo mikononi, aende kituo cha afya. Tahadhari hii isionekane kuwa ni ukatili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara humuua, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa.

Shaka hiyo ikiondoka, jambo linalofuata ni joto, wala si chakula. Hapo ndipo watu wengi wenye nia njema hupoteza vilebu. Katika wiki yake ya kwanza kilebu hawezi hata kutetemeka ili kujipasha moto. Joto lake lote hulipata kwenye kifua cha mama na miili ya ndugu zake. Akipoa, utumbo wake husimama kufanya kazi. Maziwa anayonyweshwa wakati huo hayasagiki, na mara nyingi huingia kwenye mapafu. Kwa hiyo kilebu aliyeokotwa akiwa baridi kwanza apashwe joto polepole, kwa saa moja au zaidi, akiwa amefunikwa kanga karibu na mwili wa mtu. Baadaye awekwe kwenye boksi lenye matambara makavu na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Chupa iwe upande mmoja tu wa boksi, ili akizidiwa na joto aweze kujisogeza. Wiki ya kwanza mahali anapolala panatakiwa pawe na joto la nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi, kisha lipunguzwe kidogo kidogo. Jiko la mkaa lisiwekwe kwenye chumba kilichofungwa kwa ajili hiyo, kwani hewa yake huua mbwa na watu pia.

Kuhusu maziwa, suluhisho bora kuliko yote ni mbwa jike mwingine anayenyonyesha. Wengi humkubali mtoto wa kambo endapo atasuguliwa kwanza kwa matambara ya boksi lao ili anuke kama wenzake, na endapo mwenye mbwa atakaa karibu kuangalia. Asipopatikana, maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya vilebu huuzwa katika baadhi ya maduka ya dawa za mifugo mijini. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayafai. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini takribani mara mbili zaidi, na sukari yake ya asili ni kidogo, ndiyo maana kilebu anayenyweshwa ya ng'ombe huharisha na kukonda ilhali tumbo limejaa. Kwa dharura ya siku chache, robo lita ya maziwa yaliyochemshwa na kupozwa hadi kuwa vuguvugu huchanganywa na viini viwili vya yai, bila ute wake, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula, kisha huchujwa. Mahali pasipo na jokofu mchanganyiko huu utengenezwe upya kila mara.

Kilebu anyweshwe akiwa amelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama. Kumlaza chali kama mtoto mchanga wa binadamu ni kumpalia. Bomba la sindano lililoondolewa sindano hufaa, ilimradi maziwa yatoke tone kwa tone na yeye mwenyewe amezee. Wiki ya kwanza hunyweshwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Akifika wiki ya tatu, kila baada ya saa nne. Mwenye gramu 500 huhitaji takribani mililita 100 kwa siku nzima. Kila baada ya mlo apanguswe sehemu za chini kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa kabla ya wiki ya tatu hawezi kukojoa wala kujisaidia vizuri bila kusisimuliwa. Mama hufanya kazi hiyo kwa ulimi. Kuanzia wiki ya nne apewe uji laini wenye maziwa, dagaa waliosagwa au nyama iliyokatwakatwa. Ugali mtupu haujengi mwili wake, na vitunguu ni sumu kwake. Mizani ya dukani ni msaada mkubwa: kilebu mchanga ambaye uzito wake hauongezeki kwa siku mbili mfululizo anahitaji kuonwa na mtaalamu.

Minyoo haisubiri. Vilebu wengi huzaliwa nayo au huipata kwenye maziwa ya mama, ndiyo maana dawa huanza kutolewa wiki ya pili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili. Mayai ya minyoo hiyo hubaki kwenye mchanga wa uani, mahali ambapo watoto wadogo huchezea na kutia vidole mdomoni. Viroboto na kupe nao waondolewe kwa mkono au kwa dawa aliyoelekeza mtaalamu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumike kamwe. Kipimo kinachomfaa ng'ombe kinaweza kumuua kilebu.

Imani ya mlinzi mkali inastahili jibu. Kati ya wiki ya tatu na ya nane kilebu hujifunza kipimo cha taya zake. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo hukoma. Akiuma chuchu, mama hunguruma na kuondoka. Kwa kurudiwa mara nyingi, hujua tofauti ya kushika na kuumiza. Watafiti wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba wiki ya tatu hadi ya 12 ndicho kipindi ambacho mbwa huwazoea kwa urahisi mbwa wenzake na watu. Anayetolewa kabla ya hapo na kufungwa mnyororo nyuma ya nyumba anaweza kweli kuwa mkali, lakini ni ukali wa woga usio na kipimo. Mlinzi mzuri humtofautisha mwizi wa usiku na mtoto wa jirani aliyefuata mpira uani.

Nyumbani, somo hilo hutolewa hivi: akiuma kwa nguvu, anayecheza naye atoe sauti ya maumivu, aondoe mkono na kuacha mchezo kwa dakika moja. Asipigwe, maana kipigo humfundisha kuogopa mikono. Watoto wasimchochee kwa mzaha ang'ate watu. Akiwepo mbwa mkubwa mpole aliyechanjwa, amwachiwe kwa muda kila siku, kwani mkubwa huyo humfundisha kwa dakika chache mambo ambayo binadamu hutumia wiki nzima. Na kilebu anayelia usiku asiadhibiwe. Boksi lisogezwe karibu na wanapolala watu.

Linabaki suala la chanjo, na hapa kuna kosa linalorudiwa kila kampeni: wakazi huleta mbwa wakubwa na kuwaacha vilebu nyumbani, wakiamini kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa huanza miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linashauri katika kampeni za jumla vilebu walio chini ya umri huo nao wachanjwe, kisha warudiwe. Lengo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, na hesabu hiyo haifikiwi vilebu wakiachwa. Kampeni nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua vilebu kwa siku chache, hutolewa kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, na ni muhimu zaidi kwa kilebu ambaye hakupata maziwa ya kwanza ya mama, yenye kinga.

Mwenye mbwa asiyehitaji vilebu amwone Afisa Mifugo kuhusu kumfunga uzazi mbwa jike, badala ya kungoja wazaliwe na kuwatupa.

Mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na kilebu, hata kwa mchezo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo akiwa na kadi ya chanjo ya mbwa, kama ipo.