Programu iliyozaliwa Eldoret, inayotunzwa Kampala

KAMPALA. Kila mfanyabiashara wa barabara ya Mombasa anaijua safari hii. Kontena linatoka bandarini, linapita Nairobi na Eldoret, linakaguliwa Malaba au Busia, kisha linaingia Kampala. Hapo mzigo hugawanywa katika maghala ya Kikuubo na kuondoka tena kwenda Juba, Goma au Kigali. Kila kituo kina karatasi zake, tozo zake na foleni yake.

Kuna mali moja ya Eldoret iliyofika Kampala bila lori, bila tamko la forodha na bila kulipiwa hata shilingi moja mpakani. Ni programu ya kompyuta ya kutunza taarifa za wagonjwa, iitwayo OpenMRS. Leo ndiyo msingi wa UgandaEMR, mfumo unaotumika katika mamia ya vituo vya afya nchini Uganda. Baadhi ya watu wanaoiandika, kuikagua na kuirekebisha wako hapa Kampala, na wengi wao waliingia katika kazi hiyo bila kuajiriwa na yeyote. Waliona kasoro, wakaitengeneza, wakaituma.

Habari hii inamgusa mtu wa biashara. Dereva anayelala Malaba na mama anayevusha nguo Busia hutibiwa katika vituo hivyo hivyo. Tena inafundisha jambo ambalo mnunuzi wa kompyuta ya duka au ya SACCO huligundua akiwa amechelewa: programu unayoitegemea ni salama kwa kadiri ya idadi ya watu walio karibu nawe wanaoweza kuifungua na kuitengeneza.

Rejista zilipozidiwa

Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret, kikishirikiana na vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini vilivyoongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana, kilianzisha mpango wa AMPATH wa kuwahudumia watu wenye virusi vya Ukimwi. Wakati huo huo, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, taarifa za wagonjwa zilianza kuingizwa kwenye kompyuta badala ya kubaki kwenye madaftari pekee.

Wagonjwa waliongezeka haraka kuliko mfumo ule ulivyoweza kubeba. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Indiana wenye ujuzi wa kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret na kuona kwamba kutia viraka hakutasaidia. Ilibidi kujenga upya. Wakaamua pia kwamba nyumba hiyo mpya isiwe ya Eldoret peke yake. Waliungana na shirika la Partners In Health na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, wakaacha maandishi ya programu wazi ili kila nchi iyachukue na kuyarekebisha kwa mahitaji yake.

Mwaka 2006 OpenMRS ilianza kazi Eldoret, na mwaka huo huo ikaingia Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda. Baadaye Kenya ilijenga KenyaEMR juu yake, na Uganda ikajenga UgandaEMR, kazi ambayo imesimamiwa na mradi wa METS wa Skuli ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Makerere. Desemba 2016 watumiaji na waandishi wa programu hiyo kutoka nchi mbalimbali walifanya mkutano wao wa mwaka Kampala.

Katika kituo cha afya, kazi ya mfumo huo inaonekana katika mambo madogo. Mgonjwa anasajiliwa mara moja. Dawa alizopewa na majibu ya maabara hukaa mahali pamoja. Muuguzi anaweza kutoa orodha ya waliokosa kuja tarehe waliyopangiwa. Ripoti ya wizara, iliyokuwa ikimaliza siku nzima ya kuhesabu mistari ya rejista kwa kidole, hutolewa na kompyuta.

Bulungi bwansi ya kompyuta

Kila programu huandikwa kwa msimbo, yaani maelekezo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Kampuni nyingi huuficha msimbo wao. Mteja hununua ruhusa ya kuutumia, na kikiharibika kitu humngoja muuzaji. Katika programu huria msimbo uko wazi. Leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuugawa. Simu za Android zilizojaa kwenye maduka ya Kampala zimejengwa juu ya Linux, kazi huria iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki.

Mtu wa Buganda hahitaji maelezo marefu kuhusu utaratibu huo. Bulungi bwansi ni desturi ya watu wa kijiji kutoka pamoja kusafisha kisima au kutengeneza njia ambayo wote wataipita. Kenya wana harambee, Rwanda wana umuganda, Tanzania wana msaragambo. Asiye na jembe huja na panga, na asiye na panga huchota maji ya kunywa.

Hofu moja husikika mara kwa mara: msimbo ukiwa wazi, je, siri za wagonjwa nazo zitakuwa wazi? La. Kujua jinsi kufuli linavyotengenezwa si sawa na kuwa na ufunguo wa duka la jirani. Kinachoonekana na wote ni maelekezo ya programu. Taarifa za mgonjwa hubaki katika kompyuta za kituo au za serikali, na nchini Uganda zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Vivyo hivyo, Kenya na Uganda kutumia programu zenye shina moja hakumaanishi kwamba faili la mgonjwa wa Busia ya Kenya linaonekana Busia ya Uganda. Hilo linahitaji makubaliano ya serikali. Shina moja hurahisisha tu kazi ya mafundi siku makubaliano hayo yatakapopatikana.

Safari ya mchango mmoja

Mchango huanza na malalamiko yaliyoandikwa vizuri. Chukua mfano wa karani anayeona kwamba mgonjwa aliyehamishiwa kituo kingine bado anahesabiwa kuwa ametoroka matibabu. Akisema tu kwamba kompyuta imekosea, hakuna fundi atakayemsaidia. Akieleza alichobonyeza, alichotarajia kuona, alichokiona na toleo la programu analotumia, tayari ametoa mchango, hata kama hajui kuandika mstari mmoja wa msimbo.

Malalamiko hayo hupewa namba na kuwekwa mahali ambapo kila mchangiaji anayaona. Mtu mwingine hujaribu kuirudia kasoro hiyo kwenye kompyuta yake. Ikithibitika, anayejiona anaiweza huichukua kazi. Hunakili msimbo, hubadilisha sehemu inayohusika, kisha huandika jaribio la kuhakikisha kasoro haitarudi. Mabadiliko yake huyapeleka kwenye ghala la msimbo la mradi, lililoko kwenye mtandao wa GitHub.

Hapo hukutana na mkaguzi. Mkaguzi anaweza kuwa Kampala, Nairobi au Boston. Anasoma kila mstari na kuuliza: kwa nini umeandika hivi? Umefikiria itakuwaje mgonjwa akiwa hana tarehe ya kuzaliwa? Kazi hurudishwa mara mbili, mara tatu. Wageni wengi hukata tamaa hapa, wakidhani wamekataliwa. Waliozoea wanajua kwamba kurudishiwa kazi ndiyo shule yenyewe. Mabadiliko yakikubaliwa, jina la aliyeyaandika hubaki kwenye kumbukumbu za mradi, na toleo lijalo huenda nayo popote programu inapotumika. Kijana wa Wandegeya anaweza kurekebisha jambo lililomsumbua muuguzi wa Msumbiji ambaye hatakutana naye kamwe.

OpenMRS hutenga kazi nyepesi kwa ajili ya wageni, na ina ngazi za wachangiaji ambazo mtu hupanda kadiri kazi yake inavyoonekana. Wapo wanaoandika maelekezo ya matumizi, wanaotafsiri, wanaojaribu matoleo mapya kabla hayajapelekwa vituoni. Muuguzi anayesema kwamba fomu inamlazimisha kuandika namba moja mara tatu humwonyesha mwandishi wa msimbo kitu ambacho mwandishi huyo, akiwa mezani kwake, asingekiona.

Bure yenye gharama

Anayechangia hulipia bando, umeme na kompyuta, na saa anazotumia angeweza kuziuza kwingine. Kwa kijana anayeishi kwa vibarua, saa tatu za usiku ni mali. Njia za malipo zipo, ingawa ni nyembamba. Tangu 2007 OpenMRS imeshiriki katika Google Summer of Code, mpango wa kampuni ya Google unaowapa posho wachangiaji wapya wa programu huria, kwa kiwango kinachotofautiana kulingana na nchi. Mpango wa Outreachy nao huwalipa watu kutoka makundi ambayo kwa kawaida hayaonekani katika kazi hizi, wakiwemo wanawake.

Faida nyingine huja polepole, na wafanyabiashara wanaielewa kuliko wengi. Mtu hapewi mali kauli kwa sababu ana cheti. Hupewa kwa sababu soko limemwona akirudisha deni miaka mingi. Kumbukumbu ya mchangiaji hufanya kazi vivyo hivyo: mwajiri wa Nairobi au Berlin anaweza kuifungua na kuona aliandika nini, alijibu vipi alipokosolewa na kama alimaliza alichoanza.

Mfadhili anapoondoka

Thamani ya kuwa na watu wa namna hii ilionekana mapema 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Sehemu kubwa ya huduma za virusi vya Ukimwi nchini Uganda, pamoja na mifumo yake ya taarifa, ilikuwa imejengwa kwa fedha za mpango wa Marekani wa PEPFAR. Februari, Wizara ya Afya ya Uganda iliagiza kliniki za virusi vya Ukimwi zilizokuwa zikijitegemea ziunganishwe na huduma za kawaida za hospitali.

Programu ya kukodi inaweza kuzimika siku ankara isipolipwa. Msimbo huria hauzimwi na mtu wa mbali: nakala ziko Kampala, na leseni haina tarehe ya kwisha. Hata hivyo msimbo haujitengenezi. Kompyuta huharibika, wizara hubadilisha fomu, dawa mpya huingia, na lazima awepo anayejua pa kugusa. Nchi ambayo watu wake wamekuwa wakichangia kwa miaka ina mafundi wa aina hiyo. Nchi iliyopakua tu na kutumia ina nyumba ambayo hakuna mtoto wa nyumbani anayejua mabomba yamepita wapi.

Swali lililobaki Kampala ni nani atawalipa mafundi hao ili wasilazimike kuondoka.

Dukani na barabarani

Wafanyabiashara wa Kampala wanajua uzito wa programu inapoingia katika biashara. Aprili 2024 walifunga maduka wakipinga mfumo wa stakabadhi za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, EFRIS, wakilalamikia adhabu zake na kusema hawakuelimishwa vya kutosha. Mfumo wa kodi huamuliwa na serikali, lakini programu ya kuhesabia mali dukani au mikopo ya SACCO huchaguliwa na mwenyewe. Kabla ya kulipa, maswali matatu yanatosha. Nikitaka kuondoka, naweza kutoka na hesabu zangu zote? Muuzaji akifunga ofisi, nani mwingine anaweza kuitengeneza? Mabadiliko ninayohitaji yataandikwa na nani, kwa bei gani?

Kwa vyama vya akiba ipo Fineract, programu huria ya hesabu za benki na mikopo midogo iliyotokana na mradi wa Mifos wa Grameen Foundation, na sasa iko chini ya Apache Software Foundation. Kuichukua ni bure. Kuiweka, kuilinda na kuwafundisha makarani kunahitaji fundi wa kulipwa, na hiyo ni biashara halali kwa kijana wa Kampala aliyejifunza kwa kuchangia.

Kwa aliye barabarani, mlango ulio karibu zaidi ni ramani ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Julai 2017 wachoraji wake wa Afrika walikutana Kampala. Programu za simu kama OsmAnd na Organic Maps huitumia hata pasipo mtandao, jambo lenye maana kwa anayekwenda Elegu au Mpondwe bila bando. Mchuuzi anajua jina ambalo watu huliita soko, siku ya gulio, mahali malori yanapolala na daraja lililosombwa na mto. Mchora ramani aliye Ulaya hawezi kuyaona hayo kwenye picha ya setilaiti. Akiyaandika mara moja, atayakuta yeye na mwenzake atakayepita kesho.

Kazi zilizotengwa kwa wageni, katika ramani na katika OpenMRS, ziko wazi kwa mtu yeyote. Anayezitaka haombi kibali. Ataulizwa tu kama kazi yake imepimwa na kama yuko tayari kuirudia.