Mdogo Kama Ukucha, Lakini Alilaza Watu Hospitali



Mara nyingi tukitembelea vikundi tunaambiwa, "Kuna mdudu mpya ameingia shambani." Tukiuliza yukoje, kila mmoja anasema lake, na mwingine anasema ni kurogwa. Safari hii tumeona tuwaeleze jinsi kiumbe asiyejulikana anavyotafutwa mpaka akapewa jina. Mfano wetu umetoka mbali, bahari ya Australia, lakini funzo ni la kwetu.

Ugonjwa usio na mwenyewe

Karibu na mji wa Cairns, watu waliooga baharini walikuwa wakishikwa na ugonjwa wa ajabu. Mtu alisikia kichomo kidogo tu, akaendelea na shughuli zake. Baada ya kama nusu saa hivi mgongo ukamuuma vibaya, akatapika, jasho likamtoka, presha ikapanda, akaona ati anakufa. Wakati huo alikuwa ameshatoka majini, na hakuna aliyeona kilichomuuma.

Mwaka wa 1952 Daktari Hugo Flecker aliuita ugonjwa huo Irukandji, jina la wenyeji wa asili wa pwani hiyo. Alifariki mwaka wa 1957 kabla mkosaji hajapatikana.

Daktari mwingine wa Cairns, Jack Barnes, aliendelea kutafuta. Alidhani ni aina ya konyeza, yule mnyama laini wa baharini ambaye wengine humwita yavuyavu, ila awe mdogo sana na mwangavu kama maji yenyewe. Barnes alikaa chini ya maji masaa mengi akitazama tu. Mwaka wa 1961 akampata: mwili wa kama sentimita moja, na minyiri minne myembamba kama nyuzi.

Je, ndiye? Barnes alijiumisha kwa mnyama huyo, pamoja na mwanawe wa miaka 9 na kijana mmoja mwokoaji wa pwani. Wote watatu walilazwa hospitali. Shukrani kwa Mungu, walipona.

Hapa sisi hatumfuati. Mtu mzima anaweza kujitolea mwenyewe, lakini mtoto wa miaka 9 hajui anakubali nini. Hata elimu njema haina ruhusa ya kumtumia mtoto.

Kumpata si kumaliza

Mwaka wa 1964 Barnes aliandika habari hizo katika jarida la madaktari, lakini mnyama bado hakuwa na jina la kitaalamu. Kazi hiyo aliifanya Ronald Southcott mwaka wa 1967. Kwa kawaida hufanywa hivi:

1. Viumbe huhifadhiwa katika dawa ili wasioze.
2. Hupimwa, huhesabiwa viungo na kuchorwa.
3. Hulinganishwa na jamaa zao wanaojulikana, ili tofauti ionekane.
4. Hupewa jina la maneno mawili. Huyu aliitwa Carukia barnesi, kwa heshima ya Barnes.
5. Mmoja huwekwa katika makumbusho awe shahidi. Anayebisha aende amtazame.

Faida yake ni nini? Daktari akijua adui, anajua la kufanya. Mwaka wa 2002 wageni wawili walifariki huko Queensland, na vifo vyao vikahusishwa na konyeza wa jamii hii. Kwa hiyo huko, mtu akiumwa, humwagiwa siki na kukimbizwa hospitali, hata kama kidonda hakionekani.

Na sisi je?

Mkiona mdudu mgeni shambani au ghalani, msimponde na kumtupa. Mtieni ndani ya chupa yenye spiriti, msimshike kwa mkono mtupu. Andikeni kwa penseli, maana wino huyeyuka: mahali, tarehe, mmea aliokuwa akila, na jina ambalo wazee humwita. Kikaratasi kiingie ndani ya chupa. Halafu mpelekeeni afisa wa kilimo. Chupa moja iliyoandikwa vizuri inashinda maneno ya watu kumi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni wadudu gani hapa kwetu tunaowalaumu bila kuwa na hakika?
2. Nani katika kikundi atatunza chupa na daftari?
3. Je, tuko na mambo "mema" tunayowafanyia watoto bila kufikiria maumivu yao?