WANAMUZIKI WAFANYAKAZI WAENDAPO HOSPITALINI

Katika viwanda na mashamba ya Uganda wamo wapigaji wengi wa gitaa, adungu na kalimba ambao majina yao hayatajwi redioni. Mchana wanakata miwa au kuchuma chai, jioni wanapiga muziki kambini. Baadhi yetu tumeanza kuupeleka ujuzi huo hospitalini Jumapili moja katika mwezi, bila malipo. Wenzetu kazini wametuuliza mambo mawili: mgonjwa anapata faida gani, na je, hatujinyonyi wenyewe? Maswali yote mawili ni ya haki.

Tuanze na mgonjwa. Muziki hauui vijidudu vya malaria wala hauungi mfupa, na anayewaambia watu hivyo anawadanganya. Lakini mwaka 2013 watafiti walikusanya majaribio 26 yaliyohusu wagonjwa 2,051, wakaona kwamba kusikiliza muziki kabla ya kupasuliwa kunaweza kupunguza hofu. Muziki uliotumika ulikuwa wa kurekodiwa, si bendi iliyosimama kando ya kitanda, kwa hiyo tusijisifu kupita kiasi. Hata hivyo hofu si jambo dogo. Mtu aliyekatwa mguu na panga shambani hulala siku nyingi akitazama dari, huku akiwaza ni nani anayewalisha watoto na kama msimamizi amekwisha kumweka mwingine mahali pake. Nusu saa ya kuwaza jambo jingine ni kitu.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1987 watu 16 wa kujitolea, akiwemo Bibi Noerine Kaleeba ambaye mume wake alifariki kwa UKIMWI mwaka huo huo, walianzisha shirika la TASO. Baadaye vituo vya shirika hilo vilikuwa na vikundi vya nyimbo na maigizo, na waimbaji wenyewe walikuwa watu wenye virusi. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida. Waliimba, kisha wakasimama kueleza habari zao mbele ya watu. Naye Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza hadharani mwaka 1989 kwamba ana UKIMWI. Akazunguka kuzungumza na watu mpaka nguvu zikamwishia. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huo. Hao hawakuwaimbia wagonjwa tu. Wagonjwa ndio walioshika wimbo, na jambo hilo tumelichukua: tukiingia wodini tunauliza nani anajua kuimba, na mara nyingi yupo.

Kuhusu namna ya kufanya kazi yenyewe, kwanza aombwe ruhusa sista mkuu wa wodi, wala si mlangoni siku ile ile. Yeye ndiye anayejua ni nani aliyetoka kupasuliwa na kitanda gani kimefiwa asubuhi. Akisema leo hapana, tunarudi nyumbani bila manung'uniko. Vipaza sauti vinabaki kambini. Gitaa kavu moja, kalimba na sauti mbili zinatosha wodi nzima. Mwenye kikohozi au mafua haendi, hata akiwa ndiye mwimbaji bora. Mikono inaoshwa kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Picha za wagonjwa hatupigi. Dakika thelathini zinatosha, maana mgonjwa hawezi kuondoka kama mtu aliyechoshwa na dansi baa. Amelala pale, lazima atusikilize, na kwa sababu hiyo tunamwonea haya kuliko mtazamaji mwingine yeyote.

Lugha nayo ni jambo kubwa. Mashamba ya miwa yalivuta watu kutoka kila upande, Waalur na Walugbara wa West Nile wakiwa wengi, na mzee aliyekata miwa miaka mingi huenda akalazwa mahali ambapo hakuna anayesema lugha yake. Mtu kama huyo akisikia adungu ya kwao hana haja ya kutafsiriwa. Tusiwasahau pia jamaa wanaolala sakafuni kando ya vitanda, wanaopika uji na kufua mashuka. Kwa maoni yetu hao wamechoka kuliko mgonjwa, na ndio wa kwanza kupiga makofi.

Sasa suala la kujinyonya. Wanamuziki wa Marekani walilikabili kwa njia ya chama. Tarehe 1 Agosti 1942 chama chao, kikiongozwa na James Petrillo, mpiga tarumbeta wa Chicago, kiliwaambia wanachama waache kurekodi sahani, kwa kuwa sahani zilikuwa zinawanyang'anya kazi. Mgomo huo uliendelea mpaka Novemba 1944, makampuni makubwa ya mwisho yalipokubali kutoa fedha kwa kila sahani iliyouzwa. Sheria ya mwaka 1947 ikakizuia chama kusimamia mfuko huo chenyewe, wakagoma tena mwaka 1948, na mfuko mpya ukaundwa chini ya mdhamini asiye wa chama. Ungali upo. Wasikilizaji hawalipi kitu, wawe hospitalini, katika nyumba za wazee au shuleni, lakini mwanamuziki analipwa.

Sisi hatuna mfuko wa namna hiyo. Tunachosema ni kwamba mpiga gitaa anayeishi kwa gitaa lake asiambiwe kuwa ni mchoyo akiomba ujira, na hospitali yenye fungu la fedha za sherehe imlipe yeye kwanza kabla ya kutuita sisi wa bure. Nauli na chai ya wanaojitolea vitoke katika tawi, visitoke mfukoni mwa kibarua. Wala asilazimishwe mtu. Yuko mwajiri mmoja, jina hatulitaji, aliyetaka kikundi kiende na bango la kampuni yake na kila mpigaji avae fulana yenye jina la kiwanda, wakati kiwanda hicho kilikuwa hakijamlipa fidia mfanyakazi aliyelazwa katika wodi ile ile. Bango halikwenda. Barua ya fidia tuliipeleka sisi wenyewe kwa katibu wa tawi, siku ya Jumatatu.

Safari ijayo ni wodi ya wanaume. Wameomba adungu, na mpigaji tunaye, ila nyuzi mbili za chombo chake zimekatika. Mwenye nyuzi nzuri azilete ofisi ya tawi kabla ya Jumamosi, na waimbaji waje kwa mazoezi saa kumi na moja jioni baada ya zamu.