Hija katika Nyayo za Imani: Karema, Uwanda wa Ufipa na Maporomoko ya Kalambo



Kila mwaka, mvua zinapokatika na barabara zikakauka, vikundi vingi vya parokia zetu huanza kupanga safari. WAWATA hutaka kuhiji, vijana hutaka kupanda milima, wanakwaya hutaka kuona maporomoko ya maji. Ndipo maswali mawili yanapotufikia sisi mapadre. La kwanza: safari hizi ni hija au ni matembezi tu? La pili huulizwa kwa sauti ya chini: je, ni halali kwa Mkristo kwenda mahali ambapo wazee wetu walifanyia matambiko? Maswali yote mawili yanastahili jibu, na tunaona vema kuyajibu kwa kuitazama nchi yetu yenyewe.

Hija ni nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (Na. 2691) inafundisha kwamba hija hutukumbusha safari yetu ya hapa duniani kuelekea mbinguni, na kwamba ni nafasi ya pekee ya kufanya upya sala zetu. Hivyo kinachotofautisha hija na matembezi si umbali wa njia wala umaarufu wa mahali. Mtu aweza kufika Lurdi nchini Ufaransa akarudi na picha tu. Mwingine aweza kutembea hadi kigango cha jirani akarudi ameongoka. Utalii nao si dhambi, maana kuvifurahia viumbe vya Mungu ni jambo jema. Lakini anayehiji huenda akijua anakwenda kwa nani, akiwa na sala moyoni, na akiwa tayari kurudi na wajibu mpya.

Karema, chimbuko letu

Safari ya kwanza tunayoipendekeza ni ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Leo Karema imo katika Jimbo la Mpanda, lililozaliwa kutoka jimbo letu mwaka 2000, lakini mizizi yetu iko huko. Jimbo letu lenyewe liliitwa Jimbo la Karema tangu 1953, likachukua jina la Sumbawanga mwaka 1969.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold II, alianzisha kituo hapo Karema. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, ambao shirika lao lilianzishwa na Kardinali Lavigerie, Mfaransa, mwaka 1868 huko Algiers. Ngome ikageuka misheni. Kutoka hapo Askofu Adolphe Lechaptois aliongoza kazi ya uinjilishaji tangu 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, na mwaka 1913 alichapisha kitabu juu ya watu wa mwambao huu, Wafipa wakiwamo.

Lakini tukiishia kwa maaskofu tutakuwa tumesimulia nusu ya habari. Wengi miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa Karema walikuwa watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka utumwani, wakati misafara ya watumwa ilipokuwa ikivuka ziwa na kuelekea pwani. Wamisionari waliwanunua ili wawe huru, wakawalea katika vijiji vya misheni. Ni haki tuseme pia kwamba watoto hao hawakuulizwa wapi wangependa kuishi, na kwamba uhuru wao ulikua polepole chini ya sheria za misheni. Anayehiji Karema awaombee hao ambao majina yao hatuyajui. Imani yetu imejengwa juu ya machozi yao pia.

Mmoja wao jina lake tunalijua. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akaibwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, kisha akakombolewa na wamisionari huko Algeria. Alisomea utabibu kisiwani Malta, akafika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu. Hakuondoka tena. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini hapo hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 baadaye. Kila siku watu wa Sumbawanga hulitaja jina lake wanaposema wanakwenda Hospitali ya Dokta Atiman, na wengi hawajui kwamba wanamtaja mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kufunga safari.

Njia za kupanda uwandani

Kutoka ziwani Injili ilipanda milima kwa miguu. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800. Yaani kila padre, katekista na mpagazi aliyetoka misheni za ufukoni kama Kirando na Kala kuja Kate, Chala au Mwazye alipanda kiasi cha mita 1,000 akiwa na mzigo. Vijana wetu wanaosafiri kwa basi hawawezi kulielewa jambo hili kwa kuelezwa tu. Wanahitaji kulipanda genge.

Kwa hiyo tunashauri kila kikundi cha vijana kitembee walau siku moja. Karibu na mji iko milima ya Mbizi, ambayo kilele chake kinapita mita 2,400. Humo mna mbega wekundu, na kutoka ukingoni huonekana Bonde la Ziwa Rukwa likiwa limetandazwa chini. Hapo ni mahali pazuri pa kusali Rozari ya njiani, au Njia ya Msalaba siku za Kwaresima mvua ikiruhusu.

Tanuru za wahenga na swali la matambiko

Sehemu mbalimbali za Ufipa yamesalia mabaki ya malungu, tanuru za udongo wa kichuguu zenye urefu wa mita tatu hivi, ambamo Wafipa waliyeyusha chuma. Tanuru hizo hazikuhitaji mivukuto: hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru ndogo, ile iliyotumia mivukuto, kisha mhunzi akafua majembe. Majembe kutoka ng'ambo yalipoenea, kazi hiyo ilikoma.

Uyeyushaji huo uliambatana na dawa, miiko na matambiko. Je, Mkristo aziepuke tanuru hizo? Hapana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Ad Gentes (Na. 11), unatuagiza tuzifahamu mila za watu na kuzigundua kwa furaha na heshima mbegu za Neno zilizofichika humo. Akili iliyobuni tanuru ile ilitoka kwa Mungu, na uvumilivu wa mafundi wale ni somo kwetu. Tunachokatazwa ni kuabudu, kupiga ramli, au kuchukua udongo na mawe tukidhani yana nguvu ya kutulinda (rej. Katekisimu, Na. 2116-2117). Wazee husema jina la mji wetu lina maana ya kuutupa uchawi. Basi tusiende kuuokota njiani!

Kalambo

Safari ya tatu hupitia Matai hadi Kapozwa, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Hapo Mto Kalambo huanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na mikono ya watu wa kale, yakiwa na umri wa miaka ipatayo 476,000. Hilo lisitutie hofu ya imani. Kanisa halisomi Kitabu cha Mwanzo kama kalenda. Linasoma humo kwamba kila aliyepo, wa kale au wa leo, yupo kwa mapenzi ya Muumba. Zaburi ya 104 yafaa sana kusaliwa mahali hapo.

Namna ya kujiandaa

Wakati mzuri ni kati ya Juni na Oktoba, lakini mkumbuke kwamba baridi ya uwandani mwezi Juni na Julai ni kali, hasa kwa wazee na watoto. Mbizi na Kalambo ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo kibali na kiingilio vishughulikiwe mapema. Anayekwenda Karema atoe taarifa kwa paroko wa huko. Mchukue mwenyeji anayezijua njia, na mtangulize maungamo na Misa kabla ya kuondoka.

Zaidi ya yote, mchukue mzee mmoja na kijana mwenye daftari. Tanuru ya udongo ikibomolewa kwa jembe hairudi, na mzee akifariki njia aliyoijua huota nyasi. Tofali moja linalobebwa kwenda nyumbani kama kumbukumbu ni pengo katika historia ya wote. Msiondoke na kitu, wala msiache taka.

Waraka kwa Waebrania (13:7) unatuagiza tuwakumbuke waliotuambia Neno la Mungu na kuiiga imani yao. Hatuwezi kuiiga imani ya watu tusiowajua. Basi, kabla ya kuchangishana fedha za kwenda mbali, kila jumuiya ijiulize: ni nani kati yetu amewahi kusimama Karema na kumwombea Atiman na wenzake?

Bwana abariki safari zenu, na Bikira Maria, Malkia wa Afrika, awasindikize.