Shilingi 20,000 na Kidonda cha Mbwa

Msimu wa kuuza pamba Simiyu hufunguliwa Mei. Fisi haangalii kalenda. Mbwa anaweza kurudi zizini alfajiri ya Februari shingo imechanika, siku ambazo nyumba nzima inahesabu debe za mahindi zilizobaki, na siku tatu baadaye kidonda kinatoa usaha na kunuka. Ukifika duka la dawa za mifugo Bariadi mjini ukasema mgonjwa ni mbwa, hakosekani wa pembeni wa kucheka: "Mzee, mbwa naye ananunuliwa dawa?" Ananunuliwa. Kitoto cha mbwa utapewa bure na jirani yeyote, lakini mbwa aliyekwisha kulijua kundi, asiyesumbua kondoo wa nyumbani na anayembwekea mgeni tu, humpati bila kumlea mwaka mzima.

Tuchukulie mfukoni kuna shilingi 20,000. Hazitoshi kumsafirisha hadi Mwanza kutafuta kliniki ya wanyama, lakini si haba kiasi cha kumwacha ajifie. Hapa nalinganisha vitu ambavyo mfugaji wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega anaweza kuvipata bila kuuza mbuzi, na msimamo wangu nautoa mapema: pesa nyingi huishia kwenye chupa za dawa, ilhali kazi kubwa hufanywa na maji.

Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, uliza nani kamng'ata. Akiwa mbwa mgeni aliyepita kijijini akiuma ovyo, au fisi au mbweha aliyeingia mchana bila woga, hilo si suala la kidonda tena, ni suala la kichaa cha mbwa. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu kwa miaka katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, wakiwemo Katie Hampson na Sarah Cleaveland, waliona kwamba mbwa aliyeambukizwa huchukua kwa wastani wiki tatu hivi kabla ya kuonyesha dalili, na dalili zikianza hazidumu, siku tatu hivi mambo yamekwisha. Maana yake ni kwamba kidonda kinaweza kupona vizuri kabisa huku ugonjwa ukiwa njiani. Mbwa asiyechanjwa, aliyeumwa na mnyama wa kutiliwa shaka, usimguse mdomo wala kidonda. Mfunge mbali na watoto na umwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Hesabu yake ni nyepesi. Dozi moja ya chanjo ya binadamu imekuwa ikitozwa karibu shilingi 30,000, na aliyeng'atwa huhitaji zaidi ya moja. Bajeti yote ya mbwa haifiki hata dozi ya kwanza ya mtoto. Na mbwa akikung'ata wakati unamtibu, osha jeraha lako kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha nenda kituo cha afya, hata kama ni mbwa wako na unamwamini. Anaposikia maumivu hachagui mkono.

Kwa hiyo matumizi ya kwanza ni kujikinga: jozi ya glovu, na kipande cha kitambaa kirefu cha kumfunga mdomo, kizungushwe juu ya pua, kipite chini ya kidevu, fundo likae nyuma ya masikio. Zamani watu walivaa mfuko wa rambo mkononi. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019, glovu za duka la dawa ndizo rahisi kupatikana. Mbwa anayehema kwa shida usimfunge mdomo kabisa.

Sasa maji. Pakiti ndogo ya chumvi dukani kwa Mangi ni kitu rahisi kuliko vyote katika orodha hii, na pengine tayari unayo jikoni. Chemsha lita moja ya maji, tia vijiko viwili vya chai vya chumvi, vijiko bapa, si vya kulundika, acha yapoe hadi uvuguvugu. Chumvi nyingi haiongezi nguvu, inachoma nyama mpya. Kata nywele kuzunguka kidonda kwa mkasi, maana nywele zilizogandamana na usaha ndizo zinazohifadhi uchafu. Kisha usimwagie kwa kikombe. Chukua chupa ya maji ya dukani iliyokwisha, toboa kizibo matundu mawili matatu kwa sindano ya kushonea, jaza, minya. Maji yatoke kwa msukumo, yaingie pembeni na chini ya ngozi iliyoachia, yatoke na uchafu. Utaona mwanzo yanatoka ya rangi ya maziwa yaliyoganda, kisha ya waridi, kisha safi. Yakiwa bado machafu, endelea. Lita nzima si nyingi. Mwenye bomba la sindano la mililita 20 atumie hilo, bila sindano. Asubuhi na jioni, kila siku, hadi nyama ya ndani iwe nyekundu na yenye unyevu.

Kuna mtu atasema hii ni tiba ya maskini. Ndiyo, na madaktari nao huanzia hapo hapo: kuosha kwa maji mengi kunapunguza wadudu wa maradhi kuliko kupaka kitu juu ya uchafu.

Baada ya kuosha ndipo kuna haki ya kuuliza upake nini, na hapa maduka mawili yanashindana, la dawa za watu na la dawa za mifugo. Upande wa dawa za watu, ayodini ndiyo ninayoichagua. Chupa ndogo huenda mbali kwa sababu haitumiki nzito: matone katika maji hadi rangi iwe ya chai ya rangi iliyokolea kidogo tu. GV, ile dawa ya zambarau, ni ya bei ya chini zaidi na inafaa kwa mchubuko, lakini rangi yake hukufichia hali ya kidonda. Kesho hujui wekundu umeongezeka au umepungua. Spiriti na Dettol isiyozimuliwa ziache. Haidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu, hupendwa kwa sababu inaonekana inafanya kazi. Mara moja siku ya kwanza si mbaya, lakini ukiirudia kila siku unaua nyama inayojaribu kuota.

Upande wa mifugo kuna spreyi ya bluu yenye oksitetrasaiklini. Kopo moja linaweza kumeza nusu ya bajeti yetu au zaidi, na kwa shimo refu la meno ya fisi halifiki chini. Linapaka mlango rangi nyumba ikiwa inaungua. Ila ukiwa na mbuzi, ndama wa kuhasi na ng'ombe wa kukata pembe, hesabu inageuka: kopo ni la zizi zima, mbwa anapata mpulizo wake wa bure. Mwenye mbwa peke yake asilinunue.

Asali na sukari nazo zina nafasi yake, na si ushirikina. Zote mbili hufyonza majimaji na kuwanyima bakteria mazingira ya kuishi. Moses Murandu, Mzimbabwe anayefundisha Chuo Kikuu cha Wolverhampton nchini Uingereza, aliifanyia utafiti sukari kwenye vidonda vya wagonjwa hospitalini baada ya kukua akiona baba yake akiitumia kijijini. Kwa mbwa, sukari ya mezani ijazwe ndani ya kidonda kilichooshwa, ifunikwe gozi na bandeji, ibadilishwe mara mbili kwa siku inapoyeyuka. Asali ni bora zaidi ikiwa ni asali kweli. Ile iliyochakachuliwa kwa maji ya sukari ni hasara mara mbili. Tatizo la zote mbili huku kwetu ni sisimizi, na mbwa mwenyewe atakayeilamba yote nusu saa baada ya wewe kugeuka. Bila bandeji au kizuizi, umempa chakula.

Na kulamba hakumponyi, hata kama tumekua tukiambiwa ulimi wa mbwa ni dawa. Unarudisha uchafu na kuchana nyama changa. Ndoo kuukuu ya plastiki iliyotolewa kitako, ikavishwa shingoni na kufungwa kwa kamba kupitia matundu, inafanya kazi ya kola ya kliniki kwa gharama ya kisu na dakika kumi. Hakikisha tu anaweza kunywa maji. Kidonda kikiwa shingoni penyewe, kola haina maana, hapo ni miguu ya nyuma ya kuichunga isikwangue: mvishe soksi kuukuu.

Vya bure vingine ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Funza wakionekana, mkono wa kwanza huenda kwenye dawa ya pamba iliyobaki kwenye pampu, au dawa ya josho isiyochanganywa na maji, au mafuta taa, au oili chafu ya pikipiki. Funza watakufa, hilo kweli. Lakini kidonda kilicho wazi hunyonya sumu moja kwa moja hadi kwenye damu, na kinachobaki mbwa hukilamba. Akitetemeka, akitoa mate mengi na kuyumba baada ya hapo, hiyo ni sumu, na tiba yake inazidi bajeti yetu mara kadhaa. Funza hutolewa kwa kibano, mmoja mmoja, na kwa maji yenye msukumo. Wengi watajitokeza wenyewe maji yakiwafikia. Kazi ya kuchosha na kuchefua, lakini ni bure. Pamba mbichi ya shambani nayo isiingizwe kidondani, ingawa mkoa mzima umejaa pamba. Nyuzi zake hunasa, na kila uzi uliobaki unalea usaha.

Tufike kwenye antibayotiki, ambako ndiko pesa inakopotea zaidi. Si kila kidonda chenye usaha kinahitaji sindano. Jipu lililopasuka likaoshwa vizuri, mbwa anakula, anatembea, hana homa, mara nyingi linapona kwa maji tu. Sindano inahitajika uvimbe ukipanda kuelekea kwenye kiungo, mbwa akiacha kula zaidi ya siku moja, akiwa na homa, au wekundu ukizidi kuenea baada ya siku mbili tatu za kuosha.

Ikihitajika, nunua dozi, usinunue chupa. Chupa ya oksitetrasaiklini ya mililita 100 imetengenezwa ikimfikiria ng'ombe. Mbwa wetu wa kienyeji wa kilo 15 anatumia sehemu ndogo sana yake, na iliyobaki inakaa dirishani ikipigwa jua hadi iharibike. Afisa mifugo wa kata anakuja na chupa yake na sindano mpya, unalipia kilichoingia mwilini. Kuazima kwa jirani mwenye ng'ombe kunaonekana kuokoa zaidi, ila angalia kizibo kimetobolewa mara ngapi na sindano gani. Kisha kuna suala la ratiba. Penisilini yenye streptomaisini ni ya kila siku, kwa siku tatu hadi tano; oksitetrasaiklini ya asilimia 20 hukaa mwilini siku kadhaa kwa sindano moja. Mtu wa Bariadi mjini hataona tofauti. Mtu wa mpakani mwa Pori la Akiba la Maswa, anayelipa bodaboda ya afisa mifugo kwenda na kurudi, ataona kwamba nauli ya siku tano inazidi bei ya dawa zote mbili. Kwa majeraha ya meno, ile ya siku nyingi si kila mara ndiyo inayolenga bakteria waliomo, kwa hiyo mwambie afisa waziwazi unakaa wapi na una kiasi gani, achague akijua.

Aivamektini ya ng'ombe usijidungie mwenyewe. Ina miligramu 10 kwa kila mililita, na kipimo cha ng'ombe ni mililita moja kwa kilo 50. Hata kwa kiwango hicho hicho, mbwa wa kilo 15 angepata chini ya theluthi ya mililita, na kosa dogo la jicho kwenye bomba linamzidishia mara tatu. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu, ambazo ndizo za kwanza kupewa kwa huruma, humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo. Maumivu yake yapunguzwe kwa kumlaza kivulini na kuosha kwa maji ya uvuguvugu, hadi afisa aseme vingine.

Kwa hiyo zile 20,000 ningezigawa hivi: 5,000 kwa glovu, ayodini na gozi, siku ya kwanza, zilizobaki zikae zimefungwa kwenye khanga hadi siku ya tatu. Kidonda kikiwa kinakauka pembeni na hakinuki, zinarudi kwenye unga. Kikiwa kibaya, ni za afisa mifugo na nauli yake. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetoa huduma hii awe anatambuliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na kumuuliza hilo si utovu wa adabu.

Anayekwambia anakishona kidonda chenye usaha, usimlipe. Kushona ni kwa jeraha bichi la saa chache. Lililooza likishonwa, usaha unafungiwa ndani. Linaachwa wazi lijae kutoka chini. Yapo ambayo maji na 20,000 haziyawezi: tundu la kifuani linalovuta hewa, tumbo lililofunguka, mfupa ulio nje, mguu ulio baridi. Hapo ulinganishaji wa dawa haupo tena, kuna mawili tu. Ama ukoo uchange pesa za kwenda Mwanza, ama umwombe daktari wa mifugo wa halmashauri amlaze usingizi wa mwisho kwa sindano, na bei ya hiyo sindano iulizwe kabla hajafungua begi.