Vimondo Si Uchawi

Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba kila mwaka, mistari ya moto huonekana angani. Ukisikia mtu hapa Kisaka anasema ni uchawi, na anataka mchawi atafutwe, mwambie sivyo. Ni vimondo. Vingi ni vidogo kama punje ya mtama. Vinaingia katika hewa kwa kasi ya kilomita 35 kwa sekunde, vinawaka, vinakwisha huko juu.

Unataka picha umwonyeshe? Panda kilimani saa 8 usiku, kusiwe na mbalamwezi. Kamera iweke juu ya jiwe, maana mkono hutikisika. Iache wazi sekunde 20. Rudia, rudia tena. Picha nyingi zitatoka tupu. Nenda na mwenzako. Fisi hawajali picha.