Faili Linapokataa Kuingia: Kutoka Uwanja wa Ngoma hadi CD

Pamba ikishavunwa na kuuzwa, Usukumani huingia msimu wa ngoma. Anayerekodi Migato, wilayani Itilima, au Bariadi mjini, atakutana na ushindani wa zamani wa vyama vya Bagika na Bagalu. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni lile lililovuta watazamaji wengi. Kiongozi wa ngoma, ningi, hutunga papo hapo ili kumjibu mpinzani na kuwashika watu wasihamie upande wa pili. Wimbo wa namna hiyo haurudiwi studio. Ukipotea, umepotea na siku yake.

Ndiyo maana fundi anayeandaa rekodi za uwanjani kwa ajili ya CD anapaswa kushika kanuni moja kabla ya nyingine zote: faili lililokataa kuingia kwenye programu ya kuhariri, mara nyingi, sauti yake imo salama. Kilichoharibika ni maelezo yanayoieleza programu namna ya kuisoma. Kazi yako ni kuyatafuta maelezo sahihi bila kuigusa sauti.

Faili na kichwa chake

Faili la WAV lina sehemu mbili kuu. Mwanzoni kuna kichwa, ambacho hutaja kiwango cha sampuli, idadi ya biti, idadi ya njia na urefu wa rekodi. Baada yake hufuata sauti yenyewe, namba tupu zilizopangwa mfululizo. Kichwa ni kama lebo kwenye gunia la pamba: lebo ikiandikwa vibaya karani atakosea hesabu, lakini pamba iliyomo haijapungua.

CD ya muziki, kwa vipimo vilivyowekwa na Philips na Sony mwaka 1980, hukubali aina moja tu ya sauti: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili. Vinasa sauti vya mkononi na kamera, kwa upande mwingine, mara nyingi hurekodi sampuli 48,000 na biti 24. Matatizo mengi ya kuingiza mafaili huzaliwa katika tofauti hiyo.

Kabla ya yote, nakala

Usifungue faili moja kwa moja kutoka kwenye memori kadi. Kwanza funga kadi isiandikwe, kwa kile kitufe kidogo cha pembeni, kisha nakili kila kitu kwenye kompyuta. Linganisha ukubwa wa mafaili baiti kwa baiti, maana nakala iliyokatika katikati ni chanzo cha kawaida cha faili “bovu”. Kama asili kwenye kadi ni kubwa kuliko nakala, tatizo umelipata: nakili upya.

Ukikuta mafaili hayaonekani na mahali pake pamejaa njia za mkato, usikubali ushauri wa kufomati. Virusi vya aina hiyo, vinavyosambaa sana kupitia flashi, kwa kawaida huficha mafaili bila kuyafuta. Washa uwezo wa kompyuta kuonyesha mafaili yaliyofichwa, safisha virusi, kisha nakili.

Programu inaposema haiijui aina ya faili

Rekodi za simu huja kama M4A, AMR au, kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, Opus. Kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili kuwa “wav” hakusaidii, kwa sababu yaliyomo ndani yanabaki yaleyale. Programu ya kuhariri ya Audacity kwenye Windows huhitaji maktaba ya FFmpeg ili isome M4A. Iweke, au tumia FFmpeg yenyewe kugeuza faili kuwa WAV kwanza.

Hapa lazima umweleze mwenye rekodi ukweli. AMR ya kawaida huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kubeba sauti yoyote iliyo juu ya hezi 4,000. Mng’ao wa njuga na makali ya filimbi hayakurekodiwa, na hakuna kichujio kitakachoyarudisha. Mwulize kama yupo aliyepiga video ya ngoma hiyohiyo, na mwombe aitume kama hati, ili WhatsApp isiibane upya.

Inaingia, lakini si sauti yenyewe

Ngoma ikisikika nzito, ya polepole, na sauti ya ningi imeshuka, shuku kiwango cha sampuli, kisha thibitisha kwa hesabu. Rekodi ya dakika 10 iliyochukuliwa kwa sampuli 48,000, ikisomwa kana kwamba ni 44,100, itachukua dakika 10 na sekunde 53. Kosa likiwa kinyume, dakika 10 zitakuwa dakika 9 na sekunde 11. Ukiona tofauti hiyo, usivute wala kubana sauti kwa vifaa vya kubadilisha kasi. Rekebisha kiwango cha wimbo ndani ya programu kiwe kile kilichorekodiwa, na sauti itarudi mahali pake bila kupoteza chochote. Kugeuza kwenda 44,100 na biti 16 kufanyike mara moja tu, mwishoni, uhariri ukishakamilika.

Sauti ikitoka upande mmoja tu, huenda waya wa mikisa uliingia njia moja. Tenganisha njia mbili, futa iliyo tupu, kisha igeuze iliyobaki kuwa mono. Programu ya kuchoma CD itaipeleka pande zote mbili.

Urefu sifuri

Hili ndilo linalotisha kuliko yote: betri imekwisha katikati ya ngoma, na programu inasema faili lina sekunde 0. Vinasa sauti vingi hukamilisha kichwa pale tu unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikikata kabla ya hapo, urefu hauandikwi.

Tazama ukubwa wa faili. Kama ni mamia ya megabaiti, sauti imo. Katika Audacity tumia amri ya kuingiza data ghafi, kisha taja mwenyewe yale ambayo kichwa kilishindwa kuyataja: biti 24, njia mbili, sampuli 48,000, au chochote ambacho kinasa sauti kilikuwa kimewekwa. Ukisikia mngurumo mtupu, badilisha kwanza idadi ya biti. Mngurumo ukiendelea, sogeza mwanzo wa kusoma baiti moja mbele, kisha nyingine. Kwa biti 24 na njia mbili kila sampuli hushika baiti 6, hivyo ndani ya majaribio 6 utaipata sauti. Ukikuta kulia kumekuwa kushoto, sogeza baiti 3 zaidi.

Kama hata ukubwa ni sifuri, usirekodi chochote kingine kwenye kadi hiyo. Programu za kufufua mafaili, kama PhotoRec, huweza kuyachimbua maadamu hayajaandikiwa juu.

Vipande vya ngoma moja

Vinasa sauti vingi hukata faili linapofika GB 2. Kwa biti 24 na sampuli 48,000, stereo, hiyo ni kama saa 2 na dakika 4, na ushindani wa ngoma huweza kupita hapo. Ingiza vipande kwa mpangilio na uvipange mwisho kwa mwanzo bila nafasi. Usivigeuze kuwa MP3 kabla ya kuviunga, kwa kuwa MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni, na pigo la ngoma litaruka kwenye kiungo.

CD huchukua takriban dakika 80, kwa hiyo utalazimika kuchagua na kukata. Kila sekunde ya CD imegawanywa katika fremu 75 zenye sampuli 588 kila moja. Wimbo ukikatwa katikati ya fremu, pengo hujazwa kimya na msikilizaji atasikia mkatiko pale ambapo watu walikuwa bado wanashangilia. Weka programu ikate kwenye mipaka ya fremu za CD, choma diski nzima kwa mkupuo mmoja bila mapumziko ya sekunde 2 kati ya nyimbo, na hakikisha umechagua CD ya sauti. CD ya data yenye MP3 haitalia kwenye redio nyingi za zamani.

Kinachobaki baada ya CD

Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, huko Afrika Kusini. Miongo kadhaa baadaye SWP Records ya Uholanzi iliweza kuzitoa rekodi hizo kwa CD, kwa sababu asili zake zilitunzwa. Rekodi ya Migato inastahili utunzaji uleule. Kikundi kilichocheza kikabidhiwe CD pamoja na mafaili ya asili yasiyohaririwa, na kila faili liandikwe jina la ningi, mahali, tarehe, kiwango cha sampuli na biti. Fundi atakayekuja baadaye akiwa na vifaa bora kuliko vyako ataanza na maelezo hayo.